Nukta Chini ya Rangi

Bwana Mwisho hakuwa mtu wa kushusha bei. Jina lenyewe alilipata hapo: ukimuuliza bei anakutajia, ukimwomba apunguze anakwambia hiyo ndiyo ya mwisho, na ukigeuza mgongo uondoke hakuiti. Watu walidai hata mama yake mzazi, alipotaka baiskeli kuukuu pale uwanjani kwake, alilipa bei ya mwisho na kuandikiwa risiti. Kwa hiyo Jumamosi ile alasiri, Daktari alipotaja kiasi alichokuja nacho kununulia pikipiki, kiasi cha mtu anayenunua magurudumu mawili na kuiombea injini, na Bwana Mwisho akajibu tu, "Haya, ichukue," Nukta alihisi ubaridi ukimpanda kuanzia visigino.

Daktari alihisi raha. Alimgeukia Nukta na lile tabasamu lake la mtoto aliyeokota kitu njiani.

"Unaona?" alimnong'oneza. "Uso wangu una baraka."

"Uso wako una vumbi," Nukta akamjibu, lakini macho yake yalikuwa kwa Bwana Mwisho, ambaye alikuwa ameinama ghafla kufunga kamba za viatu. Bwana Mwisho alikuwa amevaa kandambili.

Daktari hakuwa daktari wa watu. Alikuwa wa ng'ombe, wa mbuzi na, mwezi ukiwa mgumu, wa kuku. Baba yake Nukta hakuwahi kumwita daktari hata siku moja. Alimwita "huyo wa mbuzi", na alilitamka neno mbuzi kama vile mbuzi wenyewe ndio waliomkosea. Sasa Daktari alikuwa amepewa kituo cha chanjo kule milimani, kwa sharti moja: kufikia Jumatatu awe na pikipiki yake mwenyewe, ndefu, ya kupanda mawe na kuvuka vijito, lakini yenye taa, indiketa, vioo, namba na kadi, kwa sababu nusu ya safari ni barabara kuu na askari wa barabara kuu hawachanjwi. Akiipata, angekuwa na Nukta kila mwisho wa wiki. Akiikosa, angepelekwa ofisi kuu, safari ya siku mbili, akajaze fomu za mbuzi wasiomjua. Na Nukta aliwajua wanaume wanaoondoka safari ya siku mbili. Wanaanza kwa kupiga simu kila siku, halafu kila wiki, halafu wanakutumia picha ya harusi.

Walikuwa wameshaangalia nne. Ya kwanza ilitoa moshi kama jiko la hotelini. Ya pili ilikuwa nzuri kupindukia, ila ilikuwa ya mashindano tu, haina taa wala namba, ya kukamatwa kwenye makutano ya kwanza. Ya tatu, mwenyewe alitaka alipwe bei ya pikipiki na pia bei ya masimulizi yake. Ya nne waliikuta imekwisha kuwashwa na kupashwa moto kabla hawajafika, na Nukta alipogusa injini akamshika Daktari mkono wakaondoka, kwa sababu mwenye pikipiki nzima hana haja ya kuiamsha kabla ya wageni.

Hii ya tano Daktari aliipata peke yake. Aliyemwambia hakutaka kumtaja. "Nitakutajia ukishaipenda," alisema njia nzima, na kila aliposema alimtazama kwa pembeni, macho yamejaa kitu anachokificha, na Nukta alipenda kutazamwa hivyo hata akasahau kuuliza tena. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza siku hiyo.

Sasa alichuchumaa mbele ya pikipiki. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani kibichi, rangi nzito, ya kupigwa kwa brashi na mtu mwenye haraka. Namba haikuwepo nyuma. Bwana Mwisho alisema iko ndani, ameivua isiibiwe, na kadi iko na namba, kila kitu kipo, wasiwe na wasiwasi. Nukta aliweka kiganja kwenye injini: baridi. Akavuta cheni: imekaza vizuri. Akagonga spoku moja moja kwa kucha, zote zikalia sauti moja. Shokapu za mbele mpya. Breki mpya. Hata taa zilikuwa mpya, kioo bado kina karatasi ya dukani.

Mtu gani huyu, alijiuliza, anayeweka breki mpya na taa mpya, halafu anauza kwa bei ya chakavu?

"Mbona kimya?" Daktari aliuliza. Alikuwa amesimama nyuma yake, karibu, na Nukta alilisikia joto lake begani. "Ukinyamaza hivyo naogopa. Bora unitukane."

"Nasoma namba ya fremu. Usinizibie mwanga."

Namba ya fremu hupigwa shingoni, pale usukani unapoingia kwenye chuma, na mnunuzi mwenye akili huisoma kabla ya kuisoma kadi. Lakini rangi hapo ilikuwa nene kuliko kwingine. Nukta alitoa funguo za karakana mfukoni, akakwaruza. Kijani kikatoka. Chini ya kijani kukawa na buluu. Akakwaruza tena, chini kidogo ya namba, na chini ya buluu akakutana na mshono wa chuma, mwembamba, wenye mawimbi madogo yaliyopangana. Kidole chake kiliufuata mshono ule kwenye giza la chini ya tangi, kikiwa kinajua njia kabla yeye hajajua, mpaka mwisho wake.

Mwishoni kulikuwa na nukta.

Hapa msomaji asubiri kidogo, maana jina hili lina kisa chake. Kila fundi wa kuchomelea ana mkono wake, kama mwandiko. Ukipanga mishono kumi mezani, fundi mzoefu atakwambia huu wa nani, na siku hiyo alikuwa amekula au hajala. Mkono wa binti huyu ulijulikana kwa jambo moja. Akifika mwisho wa mshono haondoki. Anainua moto, anahesabu moja, anarudi na kuacha tone dogo la duara, kama anayemaliza sentensi. Baba yake, mwenye karakana, alimgombeza miaka nenda miaka rudi. Chuma kikishapata moto wake usikirudie, alimwambia. Unapokirudia ndipo kinapochoka. Kaka yake alicheka, akamwita Nukta, na jina likanata. Naye hakuiacha nukta yake, kwa sababu kaka aliipenda.

Pikipiki ya kaka ilikuwa ya buluu.

Miaka miwili iliyopita aliruka nayo mtaro, ikatua vibaya, shingo ikaachia. Alimjia Nukta siku Baba amekwenda kununua mabati, akamwomba amshonee upesi, na Baba asijue. Nukta alishona upande mmoja tu. Vijiti vikavu vya kuchomelea vilikuwa vimefungiwa kabatini. Akatumia vile vilivyopigwa na unyevu, ambavyo mshono wake haushiki vizuri. Akamwambia kaka yake asiruke nayo popote mpaka arudi ashonewe upande wa pili. Kaka akambusu kwenye paji la uso lililojaa masizi. "Umeshaweka nukta," alisema. "Imekwisha."

Wiki tatu baadaye waliletewa viatu vyake kwenye mfuko. Watu walisema mwendo kasi, kwenye daraja la chini, usukani ulimshinda. Nukta aliuliza pikipiki iko wapi. Baba akamwambia ameiuza kwa watu wa chuma chakavu, wameikatakata, asiulize tena. Hakuuliza. Lakini kwa miaka miwili, kila alipozima mashine na karakana ikanyamaza, swali lilikaa naye benchini. Usukani ulimshinda, au shingo iliachia?

"Nukta." Daktari alikuwa ameshavaa kofia ngumu. Mguu wake mmoja ulikuwa juu ya pikipiki. "Niwashe?"

"Shuka."

Alisema polepole, na labda ndiyo maana Daktari alishuka bila mzaha. Nukta alisimama, akajifuta mikono kwenye ovaroli mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Nani alikwambia habari ya pikipiki hii?"

Daktari alimtazama Bwana Mwisho. Bwana Mwisho alizitazama kandambili zake. Halafu Daktari, maskini, akafikiri wakati wa siri yake tamu umefika, na akaitoa kwa furaha yote.

"Mzee," alisema. "Baba yako."

Alieleza yote kwa pumzi moja. Alhamisi jioni simu ililia, naye akaona namba, akadhani ni matusi. Akapokea akiwa amesimama wima kama yuko mbele ya mwalimu mkuu. Akasema shikamoo. Na Mzee, ambaye kwa miezi saba shikamoo za Daktari zilikuwa zinaanguka miguuni pake pamoja na cheche, Mzee akasema marahaba.

"Marahaba, Nukta. Niliisikia kwa sikio hili. Nilikaa chini. Kisha akasema kuna pikipiki kwa Mwisho, ya bei yangu, niende Jumamosi. Akakata."

"Hakusema kingine?"

Daktari alisita. "Alisema nisikulete. Alisema ni jambo la wanaume." Akajaribu kucheka. "Lakini mimi ninaujua upande mmoja tu wa pikipiki, ule wa kukalia. Ningekuja na nani?"

Nukta hakucheka. Alikuwa anamsikia baba yake. Miezi saba iliyopita, wazee wa Daktari walipokuja kuposa, Mzee aliwasikiliza mpaka mwisho kisha akawaambia kwamba amezika mmoja, na huyu aliyebaki hamtoi kwa mtu. Na wiki hii tu, akikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imekwisha kuyeyuka, alisema bila kuinua macho kwamba suala la huyo wa mbuzi atalimaliza mwenyewe, na atalimaliza kabla ya Jumatatu.

Nukta alidhani ni maneno ya mzee. Sasa kila neno lilirudi likiwa na sura nyingine.

Baba anaujua mkono wangu, aliwaza. Anaujua kuliko uso wangu. Ameiona shingo hii, amejua miaka miwili yote, amenitazama nikila mezani kwake na amenyamaza. Na sasa amempelekea huyu. Milimani, kwenye mawe, na shingo niliyoishona mimi.

Akaufumba mkono wake juu ya ufunguo wa pikipiki, akauchomoa.

"Hii haiwashwi," alisema. "Tunaisukuma mpaka karakana."

Bwana Mwisho alifungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu ashushe bei. "Binti," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba, si ya muuzaji. "Mwache Mzee wako. Chukueni mwende zenu. Au basi iacheni hapa, nami nitarudisha kila kitu."

"Hata wewe unarudisha?" Nukta alimuuliza. "Basi kweli kuna neno."

*

Ukitaka kujua mtaa una watu wachangamfu, sukuma pikipiki yenye mafuta katikati yake. Kinyozi alitoka na mteja aliyenyolewa nusu, wakauliza kama dereva amesahau pa kukanyaga. Muuza vocha alimshauri Daktari aipige sindano. Daktari aliwajibu wote, kwa sababu hakujua kutojibu, lakini macho yake yalikuwa yanamrudia Nukta aliyeshika usukani upande wa pili, na baada ya duka la tatu akaacha kutania.

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya kaka."

Daktari hakumjua kaka yule ila kwa picha moja iliyotundikwa karakana, juu ya mitungi ya gesi, ya kijana anayecheka amekaa juu ya kitu ambacho picha ilikikata. Alipunguza mwendo. Akaigusa pikipiki kwa namna nyingine, kama mtu aliyegundua kwamba alichoegemea ni mtu.

"Basi amenipa ya mwanawe," alisema. "Nukta, huoni? Mzee amenipa ya mwanawe."

"Umempa moyo wako mtu usiyemjua."

"Wewe unamjua?"

"Namjua anavyochukia."

"Miezi saba nimekuwa nakuja pale," Daktari alisema, sasa akiwa amekasirika kidogo, na hasira ilimpendeza, jambo ambalo lilimuumiza Nukta zaidi. "Ananuna, anageuka, ananirushia vumbi la msasa. Lakini kila nikija nakuta benchi langu limefutwa. Unalifuta wewe?"

Nukta hakuwahi kulifuta benchi lile. Hakumwambia. Alitaka kumwambia jambo jingine, la upande mmoja na vijiti vyenye unyevu, na neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini Daktari alikuwa anamtazama kama anavyomtazama siku zote, kama mtu aliyepewa zaidi ya alichoomba, na Nukta akaogopa kuyazima macho yale. Akasukuma.

Hilo lilikuwa kosa la pili. Kwa sababu sasa waliufikia mlango wa karakana, na Mzee alikuwa ndani.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, anakata pembe za geti la mtu. Kofia ya kuchomelea ilikuwa juu ya kichwa chake, kioo cheusi kimeinuliwa. Aliona kwanza gurudumu la mbele likiingia kwenye mwanga, halafu tangi, halafu binti yake. Mashine ya kukatia ilizimika mkononi mwake. Nukta alimwona akishika ukingo wa meza.

"Nilimwambia asikulete," Mzee alisema.

"Ili nisijue?"

"Ili usiione."

"Uliniambia imekatwakatwa, Baba."

"Nilikwambia." Hakuwa anamtazama yeye. Hakuwa anaitazama hata pikipiki. Aliyatazama mawe ya sakafu yaliyo karibu nayo. "Niliitoa kituo cha polisi nikaipeleka kwa Mwisho, nikaigeuzia uso ukutani. Tangu siku hiyo sijaitazama. Hata sasa siitazami. Mwisho ndiye aliyeipaka rangi, nilimwambia aifute ile buluu, siwezi kuiona ile buluu ikipita barabarani."

Nukta alihisi kitu kikishuka ndani yake, polepole, kama ndoo kisimani.

"Hujaitazama?" aliuliza. "Hata shingo?"

Lakini Mzee alikuwa ameanza kusema, na alikuwa mtu ambaye akianza, kwa kuwa huanza mara chache, hawezi kukatizwa. Alisema Mwisho ameagizwa aweke breki mpya, shokapu mpya, taa mpya, kila kitakachomshika mtu asianguke. Alisema pesa iliyopungua ameiziba yeye, na Mwisho ameapishwa asiseme. Alisema amekaa miezi saba akitafuta namna ya kulirudisha lile neno alilowaambia wazee, na neno likishatoka halina mkia wa kulivutia.

"Mdomo ulinishinda," alisema. "Nikasema labda hii itasema." Kisha akamgeukia Daktari, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Wewe. Huamkii leo?"

"Shikamoo, Mzee," Daktari alisema, na machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni, mtu mzima, mbele ya geti la watu.

"Marahaba, mwanangu."

Mwanangu. Nukta alilisikia neno lile likipita juu ya mitungi ya gesi, juu ya picha, likatua. Hakuwa amelisikia humu ndani kwa miaka miwili. Na ndipo alipoelewa, akaegemea pikipiki: baba hakutaka kumuua mtu. Baba alikuwa ametoa kitu cha mwisho alichobaki nacho cha mwanawe, kwa mikono miwili, akiwa amefumba macho. Hatari iliyokuwa ndani ya zawadi ile aliiweka yeye Nukta mwenyewe.

Kila alichokitaka kilikuwa kimesimama mbele yake sasa hivi, kimepangwa. Baba ameridhika. Daktari hasafiri siku mbili. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema pikipiki ina hitilafu ndogo, aiache hapa mpaka kesho, na kesho Baba akienda msibani au sokoni yeye aikate shingo ile, aishone upya, pande zote mbili, kwa vijiti vikavu. Hakuna atakayejua. Nukta aliliona wazo hilo lote kwa ukamilifu wake, lilivyokuwa zuri, na jinsi angelala nalo kitanda kimoja na mumewe maisha yake yote.

"Panda basi," Mzee alimwambia Daktari. "Zunguka mpaka kwenye daraja urudi. Nataka nisikie inavyolia." Akanyoosha mkono kwa binti yake, kiganja wazi. "Mpe ufunguo."

Ufunguo ulikuwa kwenye ngumi ya Nukta. Daktari alikuwa ameshapanda. Alimtazama kutoka ndani ya kofia ngumu, macho tu yakionekana, na macho yalikuwa yanacheka. Alikuwa amekaa kama yule wa kwenye picha.

"Shingo imechomelewa," Nukta alisema.

Mzee hakuelewa. "Shingo ya nini?"

"Imechomelewa upande mmoja. Kabla."

Mzee aliinuka, akasogea, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mfuko wa viatu akaitazama pikipiki ile. Alimshika Daktari bega, akamshusha kwa upole kama unavyomshusha mtoto kitandani. Akachukua msasa. Alisugua bila haraka. Kijani kilianguka kwenye viatu vyake, kisha buluu. Nukta aliuona mgongo wa baba yake ukisoma: mshono ulipoanza, mawimbi yake, palipobabuka kwa unyevu wa kijiti. Halafu mgongo ule ukasimama.

Hakuuliza ni kazi ya nani.

Alilowesha kidole kwa mate, akakipitisha mwishoni. Kutoka kwenye nukta, kwenye ukingo wake hasa, pale moto uliporudia, ulianza ufa mwembamba kama unywele, ukapanda ukazunguka shingo mpaka upande ambao haukushonwa. Ufa huo ulikuwepo kabla ya daraja, au ulitokea darajani? Chuma hakikusema. Kilikaa tu, wazi, mbele ya watu watatu.

"Lini?" Mzee aliuliza.

"Wiki tatu kabla."

"Alikuomba."

"Alisema usijue."

"Na wewe ukaniacha nisijue." Sauti yake haikupanda. Ingepanda, Nukta angeweza kulia. "Miaka miwili nimemlaumu yeye. Kila usiku nimemgombeza marehemu kwa mwendo wake. Ulikuwa unanisikia. Chumba chako kimepakana na changu."

"Nilikuwa nakusikia, Baba."

Mzee aliurudisha msasa pale alipouchukua, akaunyoosha, ukalingana na mwenzake. Kisha akasema, kwa Daktari, neno ambalo Nukta alikuwa amelisubiri kwa miezi saba, alilokuwa akilifanyia mazoezi kichwani wakati wa kulala, akilisikia kwa sauti ya furaha, na wanawake wa ukoo wakipiga vigelegele nyuma yake.

"Mchukue," Mzee alisema.

Akanyoosha kidole mlangoni.

"Ulikuja kumtaka. Nimekupa. Mchukue sasa hivi, na hiyo pikipiki yenu mwende nayo, sitaki kuona mkono wake tena kwenye chuma changu."

Nukta alitazama sakafu. Aliona kijani na buluu, na viatu vya Daktari katikati. Viatu vile vilikuwa na udongo wa zizi kama kawaida, na alingoja kuviona vikigeuka, ama vije kwake, ama viende mlangoni. Hata akienda mlangoni, alijiambia, hatamlaumu. Nani anamtaka mwanamke ambaye baba yake anamtupa, na kwa sababu ile?

Viatu havikwenda popote. Daktari aliivua kofia ngumu, akaiweka kwenye benchi lake, lile lililofutwa, akasimama mbele ya Mzee mikono nyuma.

"Mzee wangu, nisamehe," alisema. Utani wote ulikuwa umemtoka, na bila utani sauti yake ilikuwa nzito kuliko Nukta alivyowahi kuisikia. "Mimi nilikuja kuposa. Sikuja kuokota."

Mzee alimtazama.

"Nitakuja kesho kumposa tena," Daktari aliendelea. "Na keshokutwa. Jumatatu wenye kituo watampa mtu mwenye pikipiki nafasi ile, na mimi nitakuwa hapa. Utakaponipa kama anavyopewa mtu, nitapokea. Leo siwezi."

Jumatatu. Nukta aliinua uso. Alitaka kusema usiwe mjinga, nenda, kituo kitapotea. Daktari hakuwa anamtazama kwa macho yale ya siku zote. Alimtazama mara moja tu, kwa macho mapya, ya mtu aliyeona bei kamili, na Nukta hakujua kama atayazoea. Alijua tu kwamba hayakugeuka.

Mzee alirudi kwenye kigoda chake. Akashika kijiti cha kuchomelea, akakiweka kwenye koleo lake, akausogeza mkono kwenye pembe ya geti. Kwa kichwa, kwa ule mtikisiko mmoja wa kazi ya miaka arobaini, akakiangusha kioo cheusi usoni.

Hakuwasha moto.

Alikaa hivyo, koleo hewani, nyuma ya kioo ambacho hakuna anayeweza kuona ndani yake pasipo moto, na mabega yake yakaanza kwenda juu na chini. Daktari aliketi kwenye benchi lake. Nukta alibaki amesimama katikati yao, ngumi imefumbwa, meno ya ufunguo yakimkata kiganja, wala hakuweza kuifungua.